Darasa la Wajerumani

Jumanne, 8 Julai

Uji. Vidonge. Miguu juu ya kigoda mpaka uvimbe upungue, kisha viatu. Leo viliingia bila ugomvi.

Shule imefunguliwa baada ya likizo. Nimekwenda kulifungua darasa la Wajerumani lioshwe, kama kila Julai. Neema, binti yangu, upande mmoja, fimbo upande wa pili. Upepo wa Makambako ulikuwa unatafuta wa kumwangusha. Haukunipata.

Kufuli liligoma kidogo. Ndani kulinuka rangi ya mwaka jana. Viti vidogo vimepangwa, vyekundu peke yake, vya bluu peke yake. Vitabu vimesimama wima kama askari wa gwaride. Twiga aliyechorwa ukutani hana hata alama ya kidole. Wasichana wa Darasa la Sita walifuta vumbi, wakaosha vioo, wakatoka.

Wageni wanafika tarehe 21. Watakaa wiki mbili, kama kawaida yao. Watafundisha nyimbo, watacheza mpira na watoto, watalipaka darasa rangi upya. Wakiondoka tutafunga.

Wakati nabana kufuli, watoto wa Darasa la Kwanza walikuwa wamejazana mlangoni kwao, ng'ambo ya uwanja. Darasa lao ni lile la zamani, madirisha yamezibwa kwa viroba vya mbolea. Upendo, mwalimu wao, alinisalimia akicheka. Akasema kuna mmoja amemwuliza kama Wajerumani wamelala humo ndani mwaka mzima, ndiyo maana hatutaki kelele.

Nilicheka naye. Nimefika nyumbani sikipendi kile kicheko changu.

Alhamisi, 10 Julai

Kliniki, Njombe mjini. Rashidi alinipeleka kwa gari lake dogo. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya shule, ana malori yanayobeba mbao. Kwao Kondoa, lakini amekaa hapa mpaka anaamkia watu kwa Kibena, "kamwene", vizuri kuliko wajukuu zangu. Njia nzima alilalamikia madereva wake.

Daktari ni kijana, hapambi maneno. Moyo umetanuka, umechoka. Dawa zitapunguza maji mwilini, hazitaufanya moyo mpya. Nilimwuliza kama nitaiona Krismasi. Akatazama kalamu yake. Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka mingi, najua asiyetaka kujibu swali hutazama wapi.

Siogopi. Nimeandika hivyo, nimesoma tena, ni kweli. Kuna hasira kidogo tu. Kama ya mwalimu aliyesikia kengele na ubao haujaisha.

Wakati wa kurudi Rashidi aliuliza nimeambiwa nini. Nikamwambia. Aliendesha mpaka mashamba ya chai yakaisha. Kisha akasema, basi Mwalimu, wewe unatangulia, sisi unatuachia baridi. Nikamjibu, na madereva wako pia nakuachia. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Jumamosi, 12 Julai

Mchungaji alikuja kunipa chakula cha Bwana kitandani. Aliuliza kwa upole kama kuna neno linalonilemea. Nikasema hakuna. Uongo, na mkate bado sijaumeza.

Liko. Naliandika hapa.

Darasa lile lilijengwa nikiwa mwalimu mkuu. Kikundi kilitoka Ujerumani, vijana pamoja na wastaafu wachache, kiongozi wao Ulrike, mwalimu kama mimi. Walijenga, wakachora twiga, wakaleta vitabu, wakalia wakati wa kuaga, wakaondoka. Jumatatu iliyofuata watoto waliingia. Kabla ya saa ya uji mtu alikuwa amechora ng'ombe kwa mkaa chini ya yule twiga. Niliona aibu kana kwamba Ulrike amesimama nyuma yangu.

Kwetu Mdandu, nilikokulia, kila nyumba ya heshima ilikuwa na chumba cha mbele. Viti vyenye vitambaa vya kufuma. Vikombe visivyo na ufa. Mtoto haingii humo, hata mvua ikinyesha jikoni. Chumba kinamsubiri mgeni, na mgeni akija anaona anaheshimiwa. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Nilifanya nililolijua. Nikafuta ng'ombe, nikafunga.

Mwaka uliofuata Ulrike aliingia, akashika mashavu yake kwa mikono miwili. Akasema hajaona shule inayotunza kitu namna hii. Akawaita wenzake waje waone. Baada ya hapo ningeanzia wapi? Wakapaka rangi ukuta usio na doa, nasi tukawapigia makofi. Ikawa hivyo kila mwaka. Nilipostaafu nilimkabidhi Mwalimu Sanga ofisi nzima, ila ufunguo ule alinirudishia. Alisema ukiwa kwangu, walimu hawatamsumbua.

Ndiyo hiyo dhambi yangu. Sikuiba. Nilichukua darasa zuri kuliko yote katika kata hii nikawafungia watoto nje, na nilifanya hivyo kwa adabu. Wapo waliomaliza la saba bila kuketi humo isipokuwa zile wiki za wageni, wakiimba.

Sitakufa nayo.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefungua.

Nilikwenda baada ya gwaride la asubuhi. Nikamwambia Upendo hamisha watoto. Aliuliza, kwa leo? Nikamwambia, kwa siku zote. Alinitazama kama mtu anayepima kama bibi ana homa. Upendo naye anajitolea. Ana cheti chake, anasubiri ajira, mwaka wa pili sasa anafundisha kwa sukari na mahindi ya wazazi. Hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Watoto waligoma kuingia. Walivua viatu mlangoni, wale wenye viatu, wakasimama kimya kama wako kanisani. Hakuna aliyegusa kiti. Ikabidi Upendo akae kwenye zulia katikati ya chumba, na sketi yake nzuri, afungue kitabu cha simba na kuanza kusoma kwa sauti. Akaja mmoja. Kisha wakamiminika.

Mwalimu Sanga alitoka ofisini mbio, tai begani. Alinisalimia kwanza, shikamoo Mwalimu, maana amelelewa. Kisha akaniuliza kwa nini nisingesubiri wageni waje na kuondoka, ndipo nifungue. Nikamjibu kuwa wakishaondoka mtafunga.

"Ndiyo," akasema. "Tutafunga."

Nilimpenda kwa huo ukweli. Sikumrudishia ufunguo.

Jumatano, 16 Julai

Siku tatu tu, na twiga ana magoti meusi. Kitabu kimoja kimechanika katikati. Kiti cha bluu kimevunjika mguu. Kuna makamasi kwenye kioo. Moyo wa mwili unaniuma, moyo mwingine unacheza.

Jioni kamati ilikuja kukaa sebuleni kwangu kwa sababu mimi siwezi kwenda kukaa kwao. Neema alitoa chai na viazi vya kuchemsha. Walianza na hali ya hewa, wakaenda kwenye viazi vilivyoungua kwa baridi kali, wakazunguka, wakazunguka. Hatimaye Rashidi akafika. Wageni wametaja mwaka jana kwamba huenda wakajenga darasa la pili. Wakikuta la kwanza liko hivi, watajenga kwa moyo gani?

Nikauliza, wajenge la pili ili tulifunge nalo?

Mmoja alikohoa. Rashidi akasema mgeni akikuta kitanda chake kimelaliwa, anajua hatakiwi. Nikamwambia kile si kitanda chake, ni darasa, na aliyelala nje ni mtoto wako. Binti yake wa mwisho yuko Darasa la Kwanza. Nilijua napiga wapi.

Wameamua bila mimi. Ijumaa watoto warudi darasa la zamani, la wageni lioshwe, lipakwe chokaa penye madoa, lifungwe mpaka Jumatatu. Wameomba ufunguo. Nimesema sijui nimeuweka wapi, umri huu. Ulikuwa ndani ya sidiria yangu. Hakuna mjumbe wa kamati atakayeufuata huko.

Ijumaa, 18 Julai

Sanga ametuma fundi abadilishe kufuli.

Upendo aliniletea habari mapema. Ameambiwa asiposhirikiana, shule itatafuta mwingine wa kujitolea. Nilimwambia arudi darasani afundishe, ikiwa kuna wa kulaumiwa ni mimi, na mimi hawawezi kunihamisha.

Nikaenda. Nilipumzika njiani mara nyingi, sikuhesabu. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti chekundu cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Fundi alipofika alinikuta hapo. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, alikuwa mtundu wa kutisha. Akasema Mwalimu, nimetumwa. Nikasema najua, na mimi nimekaa, sasa utamfungia mwalimu wako ndani? Alisimama mlangoni na kufuli jipya mkononi. Watoto wote walimtazama. Baadaye akakiona kile kiti cha bluu kilichovunjika mguu, akakichukua, akapiga misumari, akakijaribu kwa kukikalia yeye mwenyewe. Kikamkubali. Akaenda zake kumwambia Sanga kuwa kazi imeshindikana.

Jioni nilishindwa kuvua viatu. Neema alinivua. Miguu kama magogo. Sijuti hata kidogo. Ila sijui Ulrike atasema nini, na hilo linanikera, maana nampenda.

Jumatatu, 21 Julai

Wamefika. Kumi na mmoja, wamevaa makoti mazito na wanasema hawakuambiwa kuna Afrika yenye baridi hii. Kila kikundi husema hivyo.

Nyimbo, maua, chai ya maziwa, hotuba ya Sanga. Ulrike alinikumbatia muda mrefu. Amezeeka. Na mimi bila shaka nilimtisha, maana alinishika kwa uangalifu kama anabeba mayai. Kiswahili chake kimekua. Kisha, kabla sijamaliza chai, akaelekea darasani na wenzake nyuma yake. Walitaka kuwaonyesha wapya ule usafi.

Nilimfuata kwa fimbo yangu.

Alisimama mlangoni. Twiga mwenye magoti meusi. Vitabu vimelala. Ukutani kuna namba zimeandikwa kwa penseli, moja mpaka ishirini, nne imeandikwa kinyume. Kijana mmoja wa mwaka jana, aliyepaka ukuta ule kwa brashi ndogo siku nzima, akasema kitu kwa Kijerumani na kugeuka. Ulrike akamwuliza Sanga kumetokea nini. Sanga, maskini, akasema watoto waliingia kwa bahati mbaya wakati wa usafi.

Hapo nikasema. Sikumung'unya maneno. Kwa Kiswahili, polepole, ili asikie yeye na wasikie walimu.

"Si bahati mbaya. Nimewaingiza mimi, wiki iliyopita. Kila mlipoondoka tulifunga, na aliyefunga ni mimi. Ukuta mliopaka rangi kila mwaka haukuwahi kuchafuka."

Alinitazama. Akawatazama watoto, ambao walikuwa wameanza wimbo wa kukaribisha kwa sababu ndiyo amri waliyopewa wakimwona mgeni. Waliimba mpaka mwisho. Ulrike akatoka akaenda kukaa ndani ya gari. Hakuna aliyejua kama tupige makofi.

Jumanne, 22 Julai

Hawakuja shuleni. Wako hosteli, mjini. Makopo ya rangi yamebaki kwenye veranda ya ofisi, hayajafunguliwa.

Sanga alipita hapa nje. Hakusalimia. Hilo limenichoma kuliko nilivyotegemea. Upendo bado anafundisha darasani mle, lakini kwa sauti ya chini kama mwizi.

Rashidi alikuja na machungwa. Alikaa. Akasema Mwalimu, umetufukuzia wageni, na wewe mwenyewe unaondoka, tutamlaumu nani? Nikamwambia mlaumu maiti, haijibu. Hakucheka safari hii. Lakini alimenya chungwa, akanipa kipande kimoja kimoja mpaka likaisha.

Kifua kizito. Ningekuwa na miguu ningefanya tena.

Alhamisi, 24 Julai

Ulrike alikuja peke yake, kwa bodaboda, nywele zote zimesimama kwa upepo. Neema alitaka kumweka sebuleni. Nikasema aje huku huku kitandani, nimemaliza mambo ya chumba cha mbele.

Alikuwa na hasira. Nilifurahi, maana hasira ni ya watu wanaofahamiana. Alisema kila mwaka akirudi kwao husimama kanisani na kueleza jinsi watoto wanavyosoma mle kila siku. Watu wazima humwamini. Leo yeye ni mwongo na hakujua. Akaniuliza kwa nini sikumwambia.

"Ulifurahi sana," nikasema. "Na mimi nilikuwa mwenyeji wako."

Alisema hiyo si sababu. Nikamwambia kwetu ni sababu kubwa, ndiyo maana imechukua umri wote huu kuishinda. Nje fahali wa jirani alikuwa analia kama kawaida yake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka wa tatu aliona kuwa penseli alizoacha mezani zina ncha zilezile alizochonga yeye. Aliona. Akajiambia labda ni mpya. Hakutaka kuuliza, kwa sababu wenzake walikuwa wamefurahi mno, na watu wengine walishajiandikisha kwa mwaka unaofuata.

Tulitazamana, vikongwe wawili. Hakuna aliyeomba msamaha. Akaniuliza, sasa wafanye nini na ile rangi. Nikamwambia ukuta una madoa ya wiki moja tu, bado mchanga, wauache. Kama wanataka kazi, darasa la zamani lina madirisha ya viroba. Darasa la Pili linahamia mle. Wamtafute yule fundi, wamshikie vioo, wafanye anavyowaambia.

Alisema hawezi kuahidi kuwa watarudi mwakani. Atakwenda kueleza ukweli kwao, na huenda watu wasitake tena. Nikasema najua. Nilijua tangu siku ile niliyofungua. Nilikuwa nimeshachagua.

Jumamosi, 2 Agosti

Kuaga. Nilipelekwa kwa gari la Rashidi, mita chache tu, aibu tupu, lakini miguu imekataa kabisa.

Madirisha ya darasa la zamani yana vioo. Vingine vimekaa upande. Fundi aliwafokea vijana wale wiki nzima, wakamzoea, leo wamempa kofia. Wamevunja vioo kiasi na kujikata vidole. Yule wa brashi ndogo amepaka dawa ya kuzuia maji kwenye fremu, kazi safi.

Ulrike alizungumza mbele ya wazazi wote. Alisema darasa la twiga ni la Darasa la Kwanza, siku zote, likichafuka lichafuke. Alisema pia hawajui kama watakuja tena. Minong'ono ilipita kwenye safu za akina mama kama upepo kwenye mahindi makavu. Mzazi mmoja alinitazama vibaya. Nilimtazama pia.

Nilimwita Upendo, nikampa ufunguo mbele ya watu. Sanga alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Hakupinga, wageni walikuwepo. Hilo ndilo linanisumbua usiku huu. Mtu anaweza kukubali mbele ya wageni. Sisi sote tuna ujuzi huo, tena nilimfundisha mimi.

Ulrike aliniaga garini. Hatukusema tutaonana. Yeye alilia, mimi sikuweza, dawa imekausha kila kitu. Nilimshika mkono mpaka dereva akawasha injini.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda ibadani. Mchungaji alikuja alasiri. Nilimwambia yote. Alisikiliza, akasoma zaburi, akaomba. Kabla ya kuondoka aliuliza kama vitabu vile vinaweza kuazimwa kwa Shule ya Jumapili. Nikamwambia amwulize Upendo.

Kesho ni Jumatatu ya kwanza bila wageni. Mwaka wowote mwingine ningekuwa natafuta viatu niende kufunga.

Jumanne, 5 Agosti

Jana nililala siku nzima. Sikusikia hata kengele. Neema anasema iligongwa.

Leo amenigeuzia kitanda kuelekea dirisha linalotazama shule. Jua lipo, baridi ipo. Saa nne hivi Upendo alitoka uani mwa shule akiburuta lile zulia la darasa la twiga. Limelowa sehemu kubwa. Kuna mtoto amekojoa, au wawili. Ni zito, lilimshinda kulipandisha kwenye uzio. Akaliacha chini, akashika kiuno.

Sanga alitoka ofisini. Nilishika shuka. Alivua koti, akalitundika kwenye nguzo, akakunja mikono ya shati. Akashika pembe moja ya zulia, Upendo nyingine. Wakalirusha uziani. Sanga alinusa vidole vyake, akasema kitu, Upendo akainama kwa kicheko.

Kisha wote wawili wakarudi ndani, kila mmoja kwake. Mlango wa darasa umeachwa wazi hewa iingie.

Zulia bado lipo pale. Linadondosha maji taratibu.